Umebadilisha Saizi ya Magurudumu ya Skeiti na Sasa Yanakwaruza, Yanakwama au Yanayumba: Tafuta Chanzo Hapa

Jumapili moja pale Sunken Car Park, katikati ya Nairobi, kijana mmoja alinijia skeiti zikiwa mkononi. "Kocha, tairi ni mpya na zimekataa kuzunguka." Kweli zilikuwa mpya, za milimita 84, zinang'aa bado. Nilishika gurudumu la pili nikalisukuma kwa kidole, likagota la tatu na kusimama papo hapo. Magurudumu yalikuwa mazima, beringi (zile pete zenye gololi ndani ya gurudumu) nzima, ekseli (bolti inayopita katikati ya gurudumu) nzima. Fremu, ule mhimili chini ya kiatu unaoshika magurudumu kwa mstari mmoja, ndiyo ilikuwa ya magurudumu ya 80. Akiba yake ya miezi ilikuwa imeingia kwenye vitu nane visivyoweza kuzunguka pale hata avikaze vipi, na aliyemuuzia alikataa kuvirudisha kwa kuwa vilishafungwa.

Iliniuma, kwa sababu rula ya shule ingemwokoa. Anayetaka kubadilisha saizi huuliza bei, rangi, na kama magurudumu yana mbio. Swali la kutangulia yote hayo ni ekseli za fremu yake zimeachana kwa milimita ngapi. Fremu ndiyo yenye kauli. Na sisi ambao skeiti zetu nyingi ni za mtumba, za masoko ya Gikomba na Toi, hatupewi karatasi ya maelezo ndani ya boksi, tunapima wenyewe.

Nimeziita dalili kwa maneno ambayo watu huniambia wakiniletea skeiti. Nenda kwenye yako, ila pitia kwanza hii ya mwanzo hata kama si yako, maana vipimo vyake vinarudi kila mahali.

"Magurudumu yanagusana"

Ng'oa magurudumu yote, geuza skeiti juu chini. Weka rula kwenye ukingo wa mbele wa tundu la ekseli ya kwanza, pima mpaka ukingo wa mbele wa tundu la ekseli ya mwisho. Ukipima ukingo wa mbele kwa ukingo wa mbele, unapata umbali ule ule wa katikati kwa katikati, na huhitaji kukisia katikati ya tundu ni wapi. Fremu ya magurudumu manne, gawanya kwa 3. Ya matatu, gawanya kwa 2. Jibu lako ndilo ukuta: gurudumu lazima liwe chini yake, na pengo la milimita 1 libaki.

Fremu nyingi za watu wazima zinazobeba 80 zina milimita 243. Gawanya kwa 3, unapata 81. Gurudumu la 80 linaingia na kubakiza pengo la 1. La 84 linataka ekseli ziachane kwa 85, yaani fremu ya 255. Yule kijana alishindwa na milimita chache tu, lakini chuma hakina huruma na milimita. Fremu ya 231 ina nafasi ya 77, na mwisho wake ni 76. Ukiota 90 manne, tafuta fremu ya 273 kwenda juu. 100 manne, 303 kwenda juu.

Matatu yana hesabu nyingine. Magurudumu matatu ya 110 yanahitaji milimita 222 tu toka ekseli ya kwanza hadi ya mwisho, ndiyo sababu kuna fremu za 110 zenye urefu ule ule wa 243 na hazigusani. Mtu anapata gurudumu kubwa bila skeiti kuwa ndefu kama mtumbwi. Matatu ya 125 yanavuka 250.

Soma maandishi pia. Ubavuni mwa fremu nyingi pameandikwa kikomo, mfano "MAX 80 mm". Kwenye gurudumu pana namba mbili, tuseme 76 mm na 84A. Ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni ugumu wa mpira. Nimeshaona watu wazima na akili zao wakinunua 84A wakidhani wamepata 84 mm, kwa hiyo tafuta herufi A uiweke kando.

Kipenyo kilichoandikwa ni cha gurudumu jipya. Lililotumika limepungua, na linaweza kukudanganya kwamba fremu yako ni ya 76 kumbe ni ya 80 na gurudumu ndilo limekwisha. Huna kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo? Chukua uzi, uzungushe mara moja pale gurudumu liliponenepa, unyooshe kwenye rula, gawanya kwa 3.14. Uzi wa milimita 251 ni gurudumu la 80. Wa 239 ni la 76. Wa 226 ni la 72.

Tahadhari moja kwa wenye skeiti za hoki. Nyingi zimeundwa na magurudumu mawili madogo mbele na mawili makubwa nyuma, kwa mfano 76 na 80, na mashimo ya nyuma yametobolewa juu kidogo kuliko ya mbele. Hapo usigawanye kwa 3. Pima pengo moja moja. Ukifunga 76 zote nne, kisigino kinashuka milimita 2 na utahisi unavutwa nyuma.

Dawa ya magurudumu yanayogusana ni mbili: rudi kwenye saizi inayotosha, au badilisha fremu nzima. Usichonge fremu kwa tupa wala grinda ili kusogeza shimo, maana chuma kilichobaki pembeni ya ekseli ndicho kinachobeba uzito wako wote. Usisage gurudumu pia. Halitarudi kuwa duara kamili.

Kama unafikiria fremu nyingine, chungulia chini ya soli. Fremu ikishikiliwa na bolti mbili zilizoachana kwa milimita 165, una bahati: huo ni mfumo unaotumika sana na utapata fremu za kuuingia. Za mashindano ya mbio huwa na 195. Kuna viatu vyenye bolti tatu, na kuna vya kuruka na kuteleza kwenye vyuma vyenye mfumo wao. Hizo hazibadilishani hivi hivi. Fremu iliyopigwa riveti, au iliyomwagwa pamoja na kiatu kikawa plastiki moja, iache hivyo hivyo. Saizi yake ni ile iliyozaliwa nayo.

"Yanazunguka hewani, nikisimama yanasugua"

Pengo la pembeni lipo, shida iko juu. Gurudumu kubwa linakaribia kichwa cha bolti inayoshika fremu kwenye soli, au daraja linalounganisha kuta mbili za fremu. Ukiinua mguu hakuna uzito. Ukisimama, fremu inanyong'onyea kidogo, na ikiwa ni ya plastiki inanyong'onyea zaidi, kisha mpira unagusa.

Paka chaki kwenye kichwa cha bolti na chini ya daraja. Vaa skeiti, jisukume mita kama kumi, vua, tazama chaki imefutika wapi. Ikiwa ni bolti, wakati mwingine bolti yenye kichwa bapa inamaliza kesi. Ikiwa ni daraja, shuka saizi moja. Usikubali kusikia "itajisaga yenyewe mpaka itoshe." Msuguano unatoa joto, joto linalainisha mpira, na gurudumu linaanza kubanduka vipande.

"Nikikaza ekseli, gurudumu linakwama"

Hii ndiyo ninayoletewa zaidi, na ndiyo inayoua beringi nyingi zisizo na hatia.

Gurudumu moja lina beringi mbili, moja kila upande. Katikati yao, usipopaona, kuna kibomba kifupi cha chuma au plastiki: spesa. Beringi ya kawaida ya skeiti ni 608, yenye tundu la milimita 8, kipenyo cha nje 22 na unene 7. Beringi mbili ni 14, spesa ni karibu 10, jumla 24. Upana huo wa 24 ndio fremu imeachiwa.

Unapokaza ekseli, kuta za fremu zinabana pete za ndani za beringi. Spesa ikiwa mahali pake, nguvu inapita kwenye pete, inaingia kwenye spesa, inatokea kwenye pete ya pili. Hakuna kinachosogea, na pete za nje zinazunguka huru pamoja na gurudumu. Spesa ikikosekana au ikiwa fupi, pete za ndani zinasogeleana huku pete za nje zimezuiwa na kitovu cha gurudumu. Gololi zinabanwa ubavuni. Gurudumu linakuwa zito, linalia, na baada ya siku chache beringi imekwaruzika ndani na haifai tena hata ukiirudishia spesa.

Jaribio la kwanza: legeza ekseli nusu mzunguko. Gurudumu likifunguka na kuzunguka vizuri, chanzo ni hicho.

Jaribio la pili, ambalo nalipenda kuliko yote kwa kuwa halihitaji kifaa: chukua gurudumu linalokwama na lisilokwama, badilishana nafasi zao. Shida ikihama pamoja na gurudumu, iko ndani ya gurudumu. Ikibaki pale pale ilipokuwa, iko kwenye ekseli au kwenye fremu, labda ukuta mmoja umepinda ndani. Dakika tano, na umeshajua usinunue nini.

Ndani ya gurudumu, tafuta kwa mpangilio huu. Kwanza, spesa ipo? Mara nyingi imebaki ndani ya gurudumu la zamani lililotupwa. Ng'oa spesa zote nane, zihesabu, ndipo utupe magurudumu. Pili, zimechanganywa? Mtu aliyenunua mtumba jozi mbili akaunda moja huwa na spesa za urefu tofauti. Zisimamishe zote juu ya kioo au kigae, weka rula juu yake. Fupi itajitokeza yenyewe. Tatu, beringi imeingia mpaka mwisho? Kitovu kipya huwa kigumu, na beringi inaweza kusimama milimita 1 kabla ya kufika. Itazame kutoka ubavuni, ilingane na mwenzake wa upande wa pili. Isukume kwa vidole gumba viwili, nguvu sawa pande zote. Ikikaidi, weka beringi nzee juu yake na ubonyeze hiyo. Nyundo ikae mbali, kwa sababu pigo moja la upande linatosha kuacha alama kwenye njia ya gololi.

Spesa zimepotea kabisa? Fundi wa mashine ya lethi anaweza kukukatia, ila mpelekee moja nzima ya mfano, na umwambie zote zitoke urefu mmoja. Spesa ya kukisia ni mbaya sawa na kukosa spesa.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba acha ekseli imelegea kidogo tu, gurudumu litazunguka. Sikubaliani nao hata siku moja. Ekseli iliyolegea hujifungua yenyewe kwa mtetemo, na gurudumu likitoka ukiwa unateremka, huna la kufanya.

"Gurudumu linacheza kushoto na kulia"

Shika gurudumu, litikise kwa upande. Kucheza kidogo sana, kwa unywele, ni kawaida ya beringi. Kukisikika "tak-tak", endelea kusoma.

Skeiti za zamani, hasa zile za mtumba za miaka ya 1990, mara nyingi zina ekseli nyembamba ya milimita 6. Tundu la beringi ni 8. Tofauti hiyo hujazwa na spesa maalumu yenye mabega yanayoingia ndani ya beringi. Ukinunua magurudumu mapya yaliyokuja na beringi na spesa zake za kisasa za 8, kisha ukapitisha ekseli yako ya 6, kuna milimita 2 za hewa. Ndiyo hiyo tak-tak. Rudisha spesa za zamani. Kubeba ekseli moja mfukoni unapokwenda kununua kunamaliza jambo hili kabla halijaanza.

Ikiwa ekseli ni ya 8 na bado linacheza, ng'oa beringi na uijaribu yenyewe mkononi. Ikicheza, imekufa. Ikiwa imara lakini inaingia kwenye kitovu bila kubana, inadondoka ukigeuza gurudumu, basi kitovu kimepanuka. Usigundishe kwa gundi. Gurudumu hilo limemaliza kazi yake.

"Beringi haziingii kwenye gurudumu jipya"

Pima kipenyo cha nje cha beringi yako. Ikiwa ni 16 badala ya 22, una beringi ndogo za 688, na zinahitaji magurudumu yenye kitovu chao. Ikiwa ni 22 lakini ekseli haipiti, huenda ni 627, yenye tundu la 7, ambayo hutumika kwenye baadhi ya skeiti za magurudumu mawili-mawili.

Magurudumu ya ubao wa skeiti yanapokea 608 vizuri, na watoto hushangaa kwa nini hayaingii kwenye fremu. Ni mapana mno. Ya skuta ya kusukuma kwa mguu, yale ya 100 na 110, mara nyingi yana upana wa 24 na yanaingia, lakini uso wake haukuchongwa kwa mtu anayelala ubavuni anapokata kona. Nisingemfungia mwanafunzi wangu.

Beringi za 608 zenyewe si bidhaa ya skeiti peke yake. Zinatumika kwenye mota ndogo na vifaa vya umeme, hivyo duka la beringi linazo. Jaribu kule kwenye vipuri, Kirinyaga Road. Zenye alama ZZ zina vifuniko vya chuma, za 2RS zina vya mpira. Kwa vumbi letu mimi huchagua mpira.

"Breki inakwaruza chini" au "breki haifiki chini"

Breki ya kisigino imefungwa kwenye ekseli ya nyuma au kwenye fremu, wala haijui kama umebadilisha magurudumu. Kila badiliko la kipenyo husogeza ekseli kwa nusu yake. Kutoka 80 kwenda 76, ekseli inashuka milimita 2. Kwenda 72, inashuka 4. Breki iliyokuwa inaelea sasa inaburura ukiinua vidole kidogo tu, na unajikuta unajikwaa katikati ya hatua.

Ukipanda saizi, breki inapaa. Sasa lazima uinue vidole zaidi ndipo mpira uguse lami, na mwili wako umezoea kipimo cha jana. Hapo ndipo watu huumia: anabonyeza kama kawaida, hakuna kitu, anaogopa, anaketi nyuma. Nakuomba, ukibadilisha saizi, funga breki mara kumi kwenye uwanja tambarare kabla hujakaribia mteremko wowote. Baadhi ya breki zina mashimo mawili au matatu ya kurekebisha kimo. Tafuta kabla ya kuamua kukata mpira wake.

Angalia pia kama gurudumu kubwa la nyuma linagusa kiatu cha breki kwa ndani. Na ekseli inayopita kwenye breki ni ndefu kuliko nyingine. Ukiichanganya na za mbele, ya breki itatokeza nje ikukwaruze mguu wa pili, na ile fupi itashika thredi mbili tatu tu kwenye breki. Iweke kando kabla ya kuanza kazi.

"Mawili tu yanagusa chini"

Simamisha skeiti kwenye kigae au kioo, bila mguu ndani. Ipitishe karatasi chini ya kila gurudumu.

Ikiwa ya katikati yanagusa na ya mwanzo na mwisho yanaelea, huenda umefungiwa kwa makusudi hivyo: 76 mbele na nyuma, 80 katikati. Ya katikati yako chini kwa milimita 2, na skeiti inageuka kama kichwa cha ndege. Wachezao kati ya koni wanaitafuta hali hiyo. Kwa mbio inayumba na kuchosha. Fremu nyingine zina vikombe vya plastiki kwenye mashimo ya ekseli ambavyo vikigeuzwa hupandisha au kushusha gurudumu; hakikisha vyote vinatazama upande mmoja.

Ikiwa ya mwanzo na mwisho yanagusa na ya katikati yanaelea, umechanganya mapya na yaliyochakaa, au umeweka makubwa pembeni. Skeiti itakwenda moja kwa moja na itagoma kugeuka.

Sababu ya kawaida zaidi haina siri: umenunua mawili mapya ukayaunganisha na sita yaliyolika. Nunua yote nane, au pima kila moja kwa uzi uyapange yanayolingana kwenye mguu mmoja. Yakishaanza kulika upande wa ndani, yabadilishane nafasi, la kwanza na la tatu, la pili na la nne, ukiyageuza ili upande wa ndani uwe wa nje. Mimi huyahamisha pia kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kwa sababu hakuna anayesukuma kwa miguu yote miwili sawasawa.

"Tangu niweke makubwa, vifundo vinauma"

Kutoka 80 kwenda 100, mguu wako umeinuka sentimita moja. Inaonekana ndogo. Kifundo kinaihisi kama mlingoti ulioongezwa, kila kosa la kusimama linakuzwa. Kiatu laini kilichomudu 80 kinaweza kushindwa kabisa na 110. Kaza mkanda wa juu, kisha simama mbele ya kioo: ukiona magoti yamekaribiana na magurudumu yamelala ndani, fremu inaweza kuhitaji kusogezwa. Bolti za 165 kwa kawaida hukaa kwenye nafasi ndefu inayoruhusu kusogeza fremu milimita kadhaa. Ukianguka ndani, sogeza fremu ndani, milimita 2 kwa wakati, kaza, jaribu, rudia.

Na usiruke kutoka 80 hadi 110 kwa sababu umeona mtu anapaa. Gurudumu la 80 likizunguka mara moja linakupeleka sentimita 25. La 110 linakupeleka karibu 35. Linaanza kwa uzito, likishaanza halitaki kusimama. Nani kakuandaa kusimama?

"Ni mazito, na miguu inawaka"

Kama ekseli na spesa ziko sawa, tazama chini unapoteleza. Kwenye kabro, yale matofali ya kutandika barabara, gurudumu la 72 linaingia kwenye kila kiungo na kutoka, na nyayo zinapata ganzi. La 90 linapita juu ya viungo hivyo hivyo kwa ulaini. Kwa anayeishi mtaa wa kabro na lami iliyochoka, kupanda saizi, fremu ikiruhusu, ni faida ya kweli.

Ugumu nao una sehemu yake. Laini, kama 74A au 76A, zimetengenezwa kwa sakafu za ndani. Kwenye lami zinashika sana na kuisha upesi kama kifutio. Kwa barabara zetu naona 82A hadi 85A zinakaa vizuri, mtu mzito akiegemea juu zaidi. Na magurudumu ya mtumba yaliyokaa stoo miaka yanaweza kuonekana mapya huku mpira umeshaoza kwa unyevu. Bonyeza ukucha. Ukimeguka au ukinata, usiyapande.

"Ekseli haitoki"

Alenki (ufunguo wa pembe sita) nyingi za skeiti ni za milimita 4. Isiyotosha vizuri huingia, lakini inacheza, na pembe sita hulika mpaka zikawa duara. Safisha tundu la mchanga kwa pini kabla ya kuingiza alenki, isukume mpaka ndani, ndipo uzungushe. Ikiwa imeshika, tone la mafuta ya kulegeza kutu na usiku mmoja wa subira vinasaidia kuliko mabavu. Pembe zikishalika, fundi wa jua kali anaweza kugonga ndani biti ya nyota iliyo kubwa kidogo na kuizungusha nayo. Kutoboa kwa drili ni njia ya mwisho, hasa kama thredi iko kwenye fremu yenyewe.

Unaporudisha, anza kwa vidole bila alenki, mizunguko mitatu. Ikikataa vidole, imeingia mshazari. Itoe, anza tena. Thredi ya alumini ikiharibika, umepoteza fremu kwa sababu ya haraka ya sekunde kumi. Tone moja la gundi ya thredi, ile ya bluu, linazuia kulegea na bado inafunguka.

Baada ya kazi yote, teleza dakika kumi tu karibu na nyumbani, uvue, upitie ekseli zote nane kwa alenki. Gurudumu jipya hukaa vizuri zaidi likishabebeshwa uzito, na mara nyingi ekseli moja au mbili zitakubali robo mzunguko wa ziada. Ndipo uende mbali.